Shajara ya "nikuongeze?": wiki sita za kumpandisha mteja kwenye biashara ya viungo, Tanga

Siku ya 1

Naanza kuandika hapa ili nisijidanganye, maana mimi nikiachiwa kichwa changu tu kila mwezi nasema biashara inaenda, alafu nikifungua simu kuangalia salio nakuta vumbi. Biashara yenyewe ni viungo, nauza WhatsApp na Instagram kutokea hapahapa nyumbani Ngamiani. Iliki, mdalasini na pilipili manga navifata Muheza kwa watu wanaoshusha kutoka Amani, pilau masala na masala ya chai tunasaga wenyewe mimi na mama. Wateja wengi wako Dar, wachache Moro na Arusha, wa hapa mjini ni wale wa kupelekewa na boda.

Mwezi uliopita nimepata oda 62, mauzo 713,000 bila kuhesabu nauli za mizigo. Ukigawa ni 11,500 kwa oda. Hiyo 11,500 ndo nataka ipande. Idadi ya wateja naiacha kwanza, nimeshalipia matangazo mara mbili nikapata lundo la "bei gani" na "mpo wapi" basi, ukijibu tiki za bluu na kimya. Huyu ambaye tayari ameshaamua kununua ndo nimeamua kumshughulikia.

Wenyewe wanaita apuseli. Nilivyoelewa mimi, mtu ametaka kidogo unamshawishi achukue kikubwa zaidi au kizuri zaidi cha aina ileile, iliki gramu 50 achukue 100, au ya mchanganyiko achukue ile ya kijani punje kubwa. Ukimuuzia kinachoambatana nacho, labda kachukua pilau masala ukamtajia na mdalasini, hiyo ina jina lake jingine, ila kwenye daftari langu zote nitaziweka pamoja maana mfuko ni mmoja.

Kuna kisa nimemsimulia mama leo wakati anachambua binzari. Marekani miaka ya 1960 kulikuwa na bwana anaitwa David Wallerstein, yuko kwenye kampuni ya majumba ya sinema Chicago, anahangaika watu hawanunui pakiti ya pili ya bisi hata uwafanyie nini. Akaja kugundua ni aibu, mtu anaona akirudi dirishani mara ya pili ataonekana mlafi. Akatengeneza pakiti moja kubwa, watu wakabeba. Baadae akawa kwenye bodi ya McDonald's, akawashauri hivohivo kwenye chipsi. Mama kanisikiliza mpaka mwisho alafu akasema, "sasa hapo Mzungu kagundua nini, si kibaba na pishi hiyo?" Na kweli, zamani dukani asiyetaka vibaba vinne anapimiwa pishi, habari imeisha.

Ramadhani imebaki kama wiki sita. Nitaandika nikipata nafasi.

Siku ya 3

Aibu ya kwanza, na naiandika nzima.

Dada mmoja wa Dar, ndo mara yake ya kwanza kununua kwangu, kaagiza pilau masala paketi moja na iliki ya 50. Hiyo ni 3,500 na 4,000, jumla 7,500. Mimi na mradi wangu mpya nikaandika:

"Sawa dada. Nikuongeze na mdalasini?"

"Eeh niongeze mpenzi, Allah akuzidishie 🤲"

Nikafurahi. Siku ya tatu tu na mambo yameshaanza kujibu. Nikamtumia jumla, 10,500.

"Mbona 10,500?"

"Na mdalasini dada, 3,000."

"Si umesema unaniongeza??"

Nikabaki na simu mkononi. Dada hana kosa hata kidogo! Wewe nenda Mgandini asubuhi, nunua fungu la nyanya, muuzaji akikwambia "ngoja nikuongeze" anakutupia moja juu, bure, ndo nyongeza yako, na asipokupa unamdai. Tangu mdogo ukitumwa sokoni unaambiwa kabisa usisahau kuomba nyongeza. Yani neno nililolichagua kumuuzia mtu ndo neno ambalo sote tunalijua ni la kupewa. Na mwenzangu alishaniombea dua juu yake.

Nimempa mdalasini bure. Mdalasini gramu 100 mimi nainunua 1,800, kifuko na stika 300. Oda yake ingeniachia 1,900, sasa imeniachia hasara ya mia mbili.

Siku ya 6

Nimelifuta "nikuongeze" kwenye yale majibu ya haraka ya WhatsApp Business. Sasa naandika hivi: "Ipo pia mdalasini ya vijiti, 3,000, unaweka au hivi inatosha?" Bei inatangulia, na mtu anapewa mlango wa kutokea. Wanne nimewaandikia hivo, mmoja kaweka, watatu wamesema inatosha, na hakuna aliyenuna.

Kingine, nauliza kabla ya kutaja jumla. Ukishamtajia mtu 7,500 kichwa chake kimeshafunga hesabu, ameshajua anatuma ngapi na kwenye laini inabaki ngapi, ukija na la ziada baada ya hapo unaonekana unamkimbiza.

Siku ya 9

Hii ya leo nimeipata stendi ya Kange, na nimejiona mjinga kidogo.

Nilikuwa nafunga boksi la mteja wa Kimara palepale nje ya ofisi ya mizigo. Maboksi yangu ni yale ya biskuti, nayaokota duka la jirani. Ndani kuna paketi mbili tu, zinagongana, kwaiyo najaza magazeti yaliyokunjwakunjwa mpaka boksi lishibe. Kijana anayeandika mizigo akalitikisa, akaniangalia, akasema, "dada wewe kila siku unasafirisha magazeti." Akacheka akaandika jina kwa maka peni, 5,000, kama kawaida.

Nikapiga hesabu nikiwa kwenye bajaji ya kurudi. Boksi dogo ni 5,000 liwe na gramu 150 liwe na kilo tatu. Mtu wangu ananunua viungo vya 7,500 alafu analipa 5,000 kusafirisha magazeti. Ndo maana wengi wakisikia nauli wanasema "ngoja nitakucheki" na hawacheki, nami nilikuwa nawaona wabahili.

Meseji mpya kwa wa mikoani: "Nauli ya basi ni 5,000 kwa boksi, na boksi lina nafasi ya kutosha. Ukiweka kingine nauli haipandi." Basi, hakuna kubembeleza. Boksi lenyewe ndo linauza.

Siku ya 13

Meseji ya boksi imekwenda kwa watu 11, watano wameongeza kitu. Mmoja kamuita na shoga yake wa jirani wakaagiza pamoja wakagawana nauli, hiyo sikuipanga kabisa. Nimeipokea.

Ila nimeingia kwenye ujinga mwingine. Kwa furaha nikatengeneza paketi saba za ofa nikazirusha zote stetasi: ya pilau, ya chai, ya biriani, ya wali wa nazi, ya bibi harusi, ya familia, ya bachela. Nilikaa mpaka saa sita usiku nazipamba picha. Matokeo yake watu wanauliza maswali mpaka kesho, "hiyo ya familia na ya biriani tofauti yake nini", "naweza kutoa pilipili manga nikaweka hiliki", na mwisho wa yote "nitakujulisha". Kuna utafiti maarufu wa mwaka 2000 wa Sheena Iyengar na Mark Lepper, waliweka meza ya jamu kwenye duka huko California, saa nyingine aina 24, saa nyingine 6. Kwenye 24 walisimama watu wengi zaidi ila walionunua ni kama asilimia 3, kwenye 6 wakanunua kama 30. Niliusoma kitambo nikaona ni mambo ya wenye supamaketi. Kumbe hata stetasi ni meza.

Nimefuta tano. Imebaki ya pilau na ya chai.

Siku ya 17

Leo nimekaa na kalkuleta na sijapenda nilichokiona.

Paketi ya pilau, niliyoiita Vunja Jungu maana mwisho wa Shaaban watu ndo wanapika, ilikuwa na iliki gramu 100 (7,500), pilau masala paketi mbili (7,000), mdalasini (3,000) na pilipili manga (3,500). Jumla 21,000, mimi nikaiuza 17,000 nikajiona mfanyabiashara. Imekwenda vizuri kweli, nimeuza sita.

Sasa upande wa gharama. Iliki saivi naichukua 60,000 kwa kilo, kwaiyo gramu 100 ni 6,000. Pilau masala kusaga mbili 4,000. Mdalasini 1,800. Pilipili manga 2,300. Vifuko na stika vitano 1,500. Jumla 15,600. Faida 1,400.

Mtu wa pilau masala moja na iliki ya 50, yule wa 7,500 niliyekuwa namuona mdogo, ananiachia 1,900. Yani nimewapandisha watu sita kutoka 7,500 kwenda 17,000, nimefunga maboksi makubwa zaidi, nimesaga zaidi, ili nipate pungufu ya mia tano kwa kila mmoja. Mauzo yamepanda kwenye karatasi, na ningeendelea kuangalia mauzo tu ningeendelea kushangilia.

Kosa lilikuwa iliki. Iliki ni ghali kununua na kila mtu anajua bei yake, haina nafasi ya kukatwa. Faida yangu iko kwenye vile tunavyokaanga na kusaga wenyewe, kwa sababu pale nauza mkono wa mama. Paketi mpya: iliki ya 50, pilau masala mbili, masala ya chai moja. Jumla 15,000, nauza 14,000. Gharama na vifuko 10,200, juu yake naweka karafuu kidogo ya bure kama za mia mbili, ndo nyongeza, hiyo ya kweli. Inabaki 3,600.

Mama kauliza karafuu za nini. Nikamwambia za dua ya yule dada.

Siku ya 20

Fupi, nimechoka, nimetoka Muheza. Iliki ya wiki hii baadhi imepauka, aliyeianika kaiacha juani moja kwa moja, ya kijani inatakiwa ikaukie kivulini. Nimeitenga, itauzwa kama mchanganyiko kwa bei ya mchanganyiko. Haitaingia kwenye zile picha za "punje kubwa ya kijani". Mteja akipanda daraja alafu akafungua kifuko akakuta rangi ya mkonge mkavu, hapandi tena.

Siku ya 21

Nimeanza kipimo. Shida ni kwamba Ramadhani inakaribia, mauzo yangepanda hata nikilala. Sasa nitajuaje ni maneno yangu au ni mwezi? Nimeamua hivi, tarehe za witiri naulizia la ziada, tarehe za shufwa siulizi, napokea tu alichosema mtu na kumtumia jumla. Wiki mbili. Kwa mikoani na kwa mjini sawasawa.

Siku za shufwa ni ngumu kuliko nilivyodhani, mkono unawasha.

Siku ya 26

Mteja wangu wa zamani, mama mmoja wa Chumbageni ambaye amenunua kwangu tangu nikiwa naweka viungo kwenye vifuko vya barafu, kaniandikia voisi ya dakika nzima. Shikamoo nimempa, ameitikia, alafu: "Mwanangu, kila nikiagiza saivi unaniuliza na hiki na kile, kwani ninachoagiza hakikutoshi?"

Nimempigia simu palepale kumuomba radhi, maana mtu mzima hapozwi kwa meseji. Sasa nimetengeneza lebo kwenye WhatsApp inaitwa "usiulize". Ndani yake kuna watu 14 ambao wanajua wanachotaka tangu mwaka juzi na kila mwezi wanachukua kilekile. Hawa wakitaka kingine watasema wenyewe. Nyongeza yao wanapata, swali hawapati.

Siku ya 29

Jambo la kitaalamu kidogo kwa anayeuza viungo. Si kila kitu unaweza kumpandishia mtu kipimo. Iliki nzima, mdalasini wa vijiti, pilipili manga ya punje, hizo mtu akichukua kubwa akaifunga vizuri inakaa na harufu yake inabaki. Cha kusaga kinapoteza harufu haraka, hewa inakila. Kuna kijana anakaa peke yake Sinza alitaka nusu kilo ya pilau masala kwa sababu nimeandika kubwa ni nafuu. Nikamuuliza anapika pilau mara ngapi. "Labda mara mbili kwa mwezi." Nikamwambia chukua gramu 100, na iliki chukua ya 100 badala ya 50 kwa sababu ya chai, hiyo haiharibiki. Kakubali. Ningemuuzia ile nusu kilo, baada ya miezi minne angekuwa anakula unga wa rangi na kusema viungo vya Tanga siku hizi bure.

Ndo maana paketi ya 14,000 ina pilau masala mbili za gramu 100, sio moja ya 200. Unafungua moja, nyingine inakaa imefungwa.

Kuna na mama ntilie mmoja aliyetaka iliki ya kijani daraja la juu kwa chai ya kuuza. Nikamwambia ya mchanganyiko inakutosha, kwenye sufuria kubwa ukiitwanga hakuna atakayeona rangi, akashuka badala ya kupanda. Sijui kama atarudi. Mpaka leo kimya.

Siku ya 35

Wiki mbili zimeisha, hesabu hii hapa.

Tarehe za witiri (nauliza): oda 24, mauzo 345,600, wastani 14,400.

Tarehe za shufwa (siulizi): oda 26, mauzo 304,200, wastani 11,700.

Oda moja ya harusi ya laki na nusu nimeitoa pembeni, ilidondokea witiri na ingenidanganya. Kati ya hao 24 waliokubali kuongeza ni 9. Maana yake 15 wamekataa, na kwa jinsi nilivyokuwa naogopa kukataliwa hiyo namba nimeiandika kubwa ukutani.

Tofauti ni 2,700 kwa oda. Najua oda 50 ni chache, wiki nyingine inaweza kuja tofauti, alafu hata siku za shufwa watu walikuwa wanaona paketi stetasi wanaagiza wenyewe. Lakini tarehe za shufwa wastani umekaa karibu na ule wa mwezi ule wa kwanza, 11,500, pamoja na msimu wote huu. Kwaiyo mwezi unaleta watu wengi zaidi, hauwafanyi wabebe zaidi. Kinachowafanya wabebe ni lile swali, na kwenye lile swali ni boksi: kati ya wale 9, saba ni wa mikoani. Wa hapa mjini, wa boda ya buku mbili, wawili tu. Hawa hawana magazeti ya kusafirisha, nitawatafutia njia nyingine baada ya Idi.

Siku ya 38

Vunja jungu imetushika. Mama kakaanga binzari tangu alfajiri, jirani anakohoa, boda wangu kaja mara tano. Paketi za 14,000 zimeisha mara mbili leo. Sijauliza mtu hata mmoja swali, sikuwa na muda, na nimejilaumu kidogo alafu nikaacha.

Jambo moja la kukumbuka mwakani: vifuko viliisha saa nane mchana. Nimemtuma mdogo wangu na baiskeli mpaka barabara ya 12, karudi na vya saizi nyingine. Huwezi kumpandisha mtu kipimo kama huna cha kutilia.

Siku ya 42

Usiku, watu wako nje wanaangalia mwezi, mimi nafunga maboksi ya basi la kesho asubuhi. Saba. Magazeti nimetumia kwa mawili tu.

Yule dada wa siku ya 3 kaandika saa kumi na mbili jioni. Anataka iliki ya 100 na masala ya chai. Nikamwambia nauli ileile, boksi lina nafasi, ipo na pilau masala 3,500. Akajibu:

"Hiyo ni nyongeza ya dua au ya M-Pesa? 😂"

Nikamwambia ya M-Pesa. Kaiacha. Kachukua iliki na masala ya chai, 11,500, ileile namba ya siku ya kwanza. Nimemtilia karafuu, nimebandika stika, boksi lake ni mojawapo ya yale mawili yenye magazeti.